Kuweka fedha kwenye kampuni changa ukiwa Mtwara au Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila msimu wa korosho, malipo ya mnada yakishaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, watu hunitafuta kwa swali moja lenye sura nyingi: kuna kijana ana kampuni yake, anataka nimwekee fedha, je, nimpe? Mimi nauza vifaa vya ujenzi Mtwara mjini. Tangu 2016 nimeweka fedha kwenye kampuni changa 7 za mikoa yetu miwili, kama mwekezaji anayeitwa malaika. Nne zimekufa, moja inachechemea, moja nilitoka na fedha yangu na kidogo juu, na moja inanilipa gawio, yaani fungu langu la faida. Nimetoa jumla ya shilingi milioni 31, na hadi leo zimerudi mkononi milioni 19. Nayasema haya mwanzoni ili ujue anayekujibu ni nani. Si mwanasheria wala mshauri wa uwekezaji mwenye leseni. Ni mtu wa hapa hapa ambaye amelipa ada ya kujifunza, na ningependa wewe ulipe ndogo kuliko yangu.

Kwa nini mwekezaji wa aina hii anaitwa malaika?

Jina limetoka kwenye majumba ya maigizo ya Broadway, New York. Tajiri aliyegharamia mchezo mpya kabla tiketi hazijauzwa aliitwa malaika. Mwaka 1978 William Wetzel, profesa wa Chuo Kikuu cha New Hampshire, Marekani, alichunguza wajasiriamali hupata wapi fedha za kuanzia, akalitumia jina hilo kwa watu binafsi wanaotoa fedha zao wenyewe na kupewa sehemu ya kampuni. Likashika hadi leo.

Sehemu ya kukumbuka ni hiyo ya fedha zake mwenyewe. Benki inakopesha amana za watu na mfuko wa uwekezaji unasimamia fedha za wengine. Malaika anatoa mfukoni mwake, na ikipotea, aliyepoteza ni yeye.

Kuna tofauti gani na kumkopesha mtu?

Kubwa sana, na huku kwetu ndiko ugomvi mwingi unakoanzia. Anayekopesha anadai tarehe ikifika, biashara iwe imepata au imekosa. Wa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, anakuja kila wiki na daftari lake. Mfanyabiashara wa kangomba anamfuata mkulima wakati wa njaa, anainunua korosho ikingali maua kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika anadai kilo zake hata kama ugonjwa wa ubwiriunga umekula nusu ya shamba.

Malaika ananunua hisa, yaani sehemu ya umiliki wa kampuni. Kampuni ikipata, anapata kwa kadiri ya hisa zake. Ikikosa, anakosa pamoja na mwenye kampuni. Hana cha kudai. Kijana akikuandikia kwamba atakulipa laki 3 kila mwezi bila kukosa, huo ni mkopo hata kama karatasi imeandikwa "uwekezaji", nawe jiulize atazitoa wapi kampuni ikiwa haijaanza kuuza.

Niambie ukweli, naweza kupata kiasi gani?

Hadithi inayowatia watu wazimu ni ya Andy Bechtolsheim. Mwaka 1998 aliwaandikia vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford hundi ya dola 100,000 kwa jina la Google, kabla kampuni yenyewe haijasajiliwa. Hundi ikakaa wiki kadhaa bila kuingizwa benki kwa sababu hapakuwa na kampuni wala akaunti ya kuipokea. Kilichotokea baadaye dunia nzima inakijua.

Hadithi hiyo ni ya kweli, lakini usiitumie kupanga bajeti ya nyumba yako. Inayofaa zaidi ni kazi ya Robert Wiltbank na Warren Boeker iliyotoka 2007. Walifuatilia wawekezaji malaika waliokuwa kwenye vikundi huko Amerika Kaskazini na kuangalia mara 1,137 ambazo mtu alitoka kwenye kampuni, kwa kuuza au kwa kampuni kufa. Mara 52 kati ya 100, mwekezaji alipata pungufu ya alichoweka. Na 7 tu kati ya 100 ndizo zilizoleta robo tatu ya fedha zote zilizorudi. Hapo tunazungumzia watu wenye vikundi, wanasheria na uzoefu, kwenye nchi ambako kununua na kuuza kampuni ni jambo la kila siku.

Tulilete nyumbani. Sema una milioni 20 na umeweka milioni 2 kwenye kampuni 10. Tano zimekufa. Tatu zimekurudishia kile kile ulichoweka, yaani milioni 6. Moja imekupa mara tatu, milioni 6 nyingine. Moja imekupa mara 15, milioni 30. Baada ya miaka 8 una milioni 42. Inapendeza, lakini hiyo ni sawa na kama 9.7% kwa mwaka. Hati fungani za serikali, ambazo ukizinunua unaikopesha serikali, za miaka 20 na 25 zimekuwa zikilipa zaidi ya 10% kwa mwaka, na riba inaingia benki kila baada ya miezi 6 bila wewe kulala ukiwaza. Sasa iondoe ile moja ya mara 15: umebaki na milioni 12 kati ya 20.

Kwa hiyo mtu anayetafuta faida peke yake, mimi humwelekeza kwenye hati fungani au vipande vya UTT, mfuko wa uwekezaji wa pamoja, bila kusita. Anayebaki kwenye njia hii awe anataka na kitu kingine: kuona kiwanda kinasimama Masasi, kuona vijana wa Lindi wanapata ajira bila kupanda basi la kwenda Kariakoo. Na awe na subira. Ufuta unapandwa na kuvunwa ndani ya miezi mitatu, minne. Mche wa mkorosho wa kubebeshwa unaanza kuzaa kama mwaka wa tatu, na unachukua miaka mingi zaidi kufikia mavuno yake kamili. Wengi wanaweka fedha ya mkorosho wakiwa na matarajio ya ufuta, kisha Juni wanaanza kumpigia kijana simu usiku.

Wewe zilikufaje hizo nne?

Ya kwanza ilikuwa ya kukamua juisi ya mabibo. Ukiwa barabara ya Masasi wakati wa msimu unaona mabibo yanavyoozea chini ya mikorosho, na akili inakwambia kuna utajiri hapo. Kijana alikuwa hodari na mashine ilikuwa nzuri. Ila bibo likidondoka leo, kesho limeanza kuchacha. Unahitaji watu, magari na mashine vyote kwa pamoja kwa miezi michache, halafu sehemu kubwa ya mwaka mashine imekaa, pango la jengo linadaiwa na mlinzi anataka mshahara. Tulihesabu faida ya kila chupa. Hatukuhesabu miezi ya ukimya. Kosa lilikuwa langu kama lilivyokuwa lake, maana mimi nimezaliwa huku na msimu naujua.

Ya pili ilikuwa programu ya simu ya kumpa mkulima bei ya korosho. Vijana waliifanya vizuri mno. Lakini bei ya mnada inatangazwa hadharani, wakulima wenyewe wapo uwanjani wanaikubali au wanaikataa, na ndani ya dakika 10 imeshasambaa kwenye makundi ya WhatsApp. Nani atalipia habari anayoipata bure? Hatukumuuliza mkulima hata mmoja kama angelipa. Tulimuuliza kama ameipenda, naye kwa adabu yake akasema ameipenda.

Ya tatu ilipeleka Dar es Salaam samaki wa Msimbati na Mikindani kwenye barafu. Hii inaniuma hadi leo kwa sababu ilikuwa inaenda vizuri. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zikakata barabara ya Kusini pale Somanga, wilayani Kilwa. Gari lilikuwa njiani na mzigo ukaharibika. Mzigo mmoja usingeiua kampuni, lakini walikuwa wamekopa ununuzi wa mzigo ule, na hapakuwa na akiba hata ya mwezi mmoja. Barabara yetu ya kwenda Dar ni moja. Biashara yoyote ya Mtwara au Lindi inayotegemea kitu kibichi kifike Dar kwa siku maalumu lazima iwe na fedha ya siku ambayo hakitafika.

Ya nne ilikuwa na marafiki wawili wenye nusu kwa nusu. Siku walipotofautiana hapakuwa na mwenye kauli ya mwisho. Miezi mitano hawakusaini hundi moja. Wateja wakaondoka.

Na hiyo inayokulipa inafanya nini?

Inapulizia mikorosho dawa. Ina mashine za mgongoni na vijana waliofundishwa, inapita Newala na Tandahimba, na mkulima asiye na mashine yake anawalipa kwa mti. Haina jina kubwa wala programu ya simu. Ilichokuwa nacho tangu mwanzo ni wateja waliorudi msimu wa pili bila kuitwa. Hata hivyo miaka mitatu ya mwanzo sikupata senti, kwa kuwa wakulima wengi hulipa baada ya mnada na fedha ya kampuni inakaa mikononi mwa watu miezi kadhaa. Gawio la kwanza lilikuja mwaka wa nne.

Fedha yangu itarudi kwa njia gani?

Uliza hili kabla ya kutoa shilingi, maana hisa za kampuni binafsi hazina soko. Huwezi kwenda nazo dukani. Sheria yetu ya makampuni inaitaka kampuni binafsi iwe na wanachama wasiozidi 50 ukiacha wafanyakazi wake, iweke mipaka kwenye kuhamisha hisa, na isizitangaze kwa umma. Hata ukimpata mnunuzi, kwa kawaida wanahisa wenzako ndio wanaopewa nafasi ya kwanza, au wakurugenzi wanatakiwa kumkubali.

Njia zilizopo ni hizi. Gawio, kampuni ikipata faida na ikaamua kuigawa. Mwenye kampuni kuzinunua hisa zako mwenyewe. Ndivyo nilivyotoka kwenye ile niliyotoka salama, na tulikuwa tumeandika tangu siku ya kwanza bei itapatikanaje. Mwekezaji mkubwa kuingia na kukununua. Kampuni nzima kuuzwa. Au kampuni kupelekwa Soko la Hisa la Dar es Salaam, ambalo tangu 2013 lina dirisha la kampuni zinazokua, lenye masharti mepesi kuliko soko kuu. Maendeleo Bank ndiyo iliyoanza kuorodheshwa hapo mwaka huo huo. Kwa kampuni ya Lindi yenye wafanyakazi 9 mlango huo bado uko mbali, na anayekuahidi soko la hisa ndani ya miaka miwili anakudanganya au anajidanganya.

Huku kwetu mimi hupanga kwa gawio na kununuliwa na mwenye kampuni. Kikija kingine, nashukuru.

Kijana amesajiliwa BRELA (wakala wa serikali wa kusajili kampuni na biashara) lakini ana jina la biashara tu. Inatosha?

Haitoshi. Jina la biashara halina hisa. Ukiingia pale unakuwa mbia, na madeni ya biashara yanaweza kukufuata hadi kwenye nyumba yako. Kwenye kampuni yenye ukomo wa dhima unachoweza kupoteza ni thamani ya hisa zako, mradi umezilipia zote na hukuweka saini ya udhamini benki. Mwambie asajili kampuni kwanza. Siku hizi usajili unafanyika kwenye mtandao wa BRELA, na kijana anayeshindwa hatua hiyo hajawa tayari kupokea fedha ya mtu.

Na udhamini nirudie: ukiwa mwanahisa, usiweke hati ya nyumba yako kudhamini mkopo wa kampuni. Nimemwona mzee wa watu Lindi akihangaika kwa hilo, na hisa zake zilikuwa asilimia 5.

Niombe asilimia ngapi?

Anza na hesabu ndogo. Kijana akitaka milioni 10 kwa asilimia 5, anakwambia kampuni yake ikishapokea fedha yako ina thamani ya milioni 200. Muulize kwa upole: mauzo ya mwaka jana yalikuwa kiasi gani? Kama yalikuwa milioni 12, mna mazungumzo marefu mbele.

Kosa la upande wa pili ni la wenye fedha, na ninaliona mara nyingi zaidi: mtu anatoa milioni 5 anataka nusu ya kampuni. Kijana mwenye shida atakubali. Baada ya mwaka anagundua anaamka saa 11 alfajiri kumfanyia kazi mtu mwingine, moyo unapoa, anaanzisha biashara nyingine pembeni kwa jina la shemeji. Tena mwekezaji mkubwa akija baadaye na kuona mwanzilishi amebaki na kipande kidogo, anaondoka. Mimi sijawahi kuchukua zaidi ya 20%, na mara nyingi ni kati ya 8 na 15.

Jua pia kwamba asilimia yako itapungua. Una 10%, anakuja mwekezaji mwingine, kampuni inatoa hisa mpya zinazompa 20%. Idadi ya hisa zako haijabadilika, lakini sasa ni 8% ya kampuni. Hujaibiwa. Kama kampuni imepanda thamani, 8 ya leo inaweza kuwa kubwa kuliko 10 ya jana. Unachotakiwa kuwa nacho kwenye mkataba ni haki ya kununua hisa mpya kabla ya wageni, ili ukipenda kubaki na 10 yako uweze.

Mkataba uwe na nini?

Idadi ya hisa na bei yake. Haki niliyoitaja hapo juu. Taarifa ya mapato na matumizi kila mwezi, hata iwe ukurasa mmoja. Mambo ambayo hayawezi kufanyika bila saini yako: kutoa hisa mpya, kuuza mashine, kuchukua mkopo mkubwa, wakurugenzi kujiongezea mshahara. Waanzilishi wakiwa wawili au zaidi, iandikwe nani ana kauli ya mwisho, na kwamba anayeondoka mapema haondoki na hisa zake zote. Wengi hupanga azipate kidogo kidogo kwa miaka minne ya kukaa kazini. Laiti tungeiandika hiyo kwenye kampuni ya wale marafiki wawili.

Mlipe wakili. Ni gharama, najua, lakini iweke kwenye hesabu tangu mwanzo kama unavyoweka usafiri.

Kisha mambo mawili ambayo watu huyaruka. Fedha iingie kwenye akaunti ya benki ya kampuni, isiingie kwenye simu ya mtu. Na baada ya kulipa, hakikisha kampuni imeingiza jina lako kwenye daftari la wanahisa, imekupa cheti cha hisa, na imeipelekea BRELA taarifa ya hisa ulizopewa. Mpaka hapo ulicho nacho ni ahadi. Ndugu mmoja wa Nachingwea alikaa miaka mitatu akijua yeye ni mwanahisa. Siku kampuni ilipopata mnunuzi, jina lake halikuwepo popote.

Nitaichunguzaje kampuni kabla ya kutoa fedha?

Nachingwea hiyo hiyo inatufundisha. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Uingereza ilitaka kulima karanga Tanganyika kwenye ekari zaidi ya milioni 3, huku Nachingwea ikiwa mojawapo ya maeneo matatu pamoja na Kongwa na Urambo. Waliosema mpango ule unafaa walizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa wakiwa ndani ya ndege. Reli ikajengwa, bandari ya kina kirefu ikachimbwa Mtwara, matrekta yakaletwa. Udongo ukawa mgumu kuliko walivyodhani, mvua hazikuja walivyozihesabu, mashine zikavunjika. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na hasara ilikuwa kama pauni milioni 36. Reli nayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Watu wale hawakukosa fedha wala elimu. Walikosa msimu mmoja wa kupanda kashamba kadogo na kutazama. Kwa hiyo ninapochunguza kampuni ninatafuta hicho kwanza: je, hiki kitu kimeshauzwa kwa udogo, kwa watu wasio ndugu, kwa fedha taslimu? Nakaa kwenye biashara yake siku mbili tatu. Natembea. Naomba taarifa ya benki na ya lipa namba ya miezi 12, kwa sababu miezi 3 ya baada ya mnada huku kwetu inamfanya kila mtu aonekane tajiri. Natafuta wateja watano nikiwa peke yangu na kuwauliza mara ya mwisho walinunua lini na walilipa ngapi. Naangalia namba ya mlipa kodi, leseni, na kama ni chakula, alama ya TBS, shirika la viwango. Naomba upekuzi wa kampuni BRELA kuona wakurugenzi ni nani na kama taarifa za mwaka zinapelekwa.

Halafu namuuliza mwenyewe nini kitaiua kampuni. Anayejibu haraka kwamba hakuna, simpi. Anayenyamaza kidogo halafu akataja mambo matatu, na moja sikulifikiria, ninakaribia kutoa kalamu.

Kampuni ikibadili biashara katikati, nidai fedha yangu?

Hapana, ukiwa umeridhika na watu wenyewe. NALA ya Benjamin Fernandes ilianza hapa Tanzania kama programu ya kumwezesha mtu kutumia akaunti zake za fedha za simu mahali pamoja. Baadaye ikageukia kuwatumia watu wa Afrika Mashariki fedha kutoka Uingereza na Marekani, na mwaka 2022 ikapata mtaji wa dola milioni 10. Waliowaamini mapema walikuwa wamenunua hisa za biashara nyingine kabisa. Mageuzi yanayotoka kwa wateja yanakubalika. Yanayotoka kwenye semina ya wiki iliyopita yahoji.

Mimi ni Muislamu. Je, hii ni riba?

Kununua hisa ni ushirika wa faida na hasara, jambo ambalo katika fiqhi lina mlango wake unaojulikana, musharaka. Angalia vitu viwili: biashara yenyewe iwe halali, na aina ya makubaliano. Kuna mkataba unaoanza kama mkopo wenye riba kisha unageuka hisa. Huo ndio wenye mashaka, na unaweza kuombwa uandikwe bila riba. Mpelekee sheikh wako mkataba wenyewe, usimpelekee maelezo ya mdomo.

Kikoba chetu kinaweza kuingia?

Kinaweza, lakini fedha ya kikoba ina mwenyewe mwenye mtoto wa kulipiwa ada Januari. Isiingie kwenye kitu kisichotoka kwa miaka 7. Nyinyi watano au saba mnaoweza kuvumilia wekeni fungu la pembeni. Kundi lina faida kubwa: mmoja anajua hesabu, mmoja anajua shamba, mmoja anajua Serikali ya Mtaa, na hakuna anayebebwa na maneno matamu peke yake.

Ila kundi likianza kuchangisha watu wasiojuana kwa ahadi ya faida, mmeingia kwenye eneo la Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na bila kibali chake ni kosa. Na kama faida ya wa kwanza inatoka kwenye fedha ya aliyeingia jana, huo ni upatu haramu. Wa DECI, uliozimwa 2009, uliitwa kupanda na kuvuna mbegu. Watu wazima wenye akili zao walipanda. Malaika wa kweli anaweza kuitembelea biashara na kuona bidhaa ikimfikia mteja.

Zaidi ya fedha nisaidie nini?

Unachokijua. Mimi niliwaunganisha vijana wa kupulizia dawa na viongozi wa AMCOS tatu, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, na hilo lilikuwa na uzito kuliko milioni 6 zangu. Mwelekeze pia kwenye fedha ambazo hazimegi kampuni: SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, au ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ukiona anaweza kufika anakotaka kwa hizo, mwambie asikuuzie hisa sasa.

Usimpigie simu kila siku. Mara moja kwa mwezi, kwa taarifa iliyoandikwa.

Kodi ikoje?

Kampuni hulipa kodi ya 30% ya faida yake, kisha gawio lako hukatwa 10% kabla halijakufikia. Ukiuza hisa kwa faida, faida hiyo nayo ina kodi. Nenda TRA kabla ya kusaini mauzo.

Nianze na kiasi gani?

Kiasi ambacho kikipotea chote, chakula, ada na mtaji wa duka lako havitikisiki. Gawanya kwa miaka: kama una milioni 9, usizitoe zote msimu mmoja. Milioni 1 na nusu mwaka huu, angalia, jifunze. Kampuni ikifanya vizuri itahitaji fedha tena, na wewe uwe bado unayo. Mwaka 2018 minada ilisitishwa na serikali ikachukua jukumu la kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Waliokuwa wamejifunga kwa ahadi za fedha ya Novemba walipata tabu. Usiahidi fedha ambayo bado iko ghalani.

Anayeniomba ni mpwa wangu. Nifanyeje?

Mjomba, hili ndilo gumu kuliko yote, maana huku kwetu mpwa ana haki juu yako na wote mnajua. Chagua moja. Ukitaka kumsaidia, mpe zawadi, kiasi kidogo, usiseme neno hisa. Ukitaka kuwekeza, mpeleke kwenye maswali yale yale ungemuuliza mgeni, na mkataba uandikwe na wakili asiye wa ukoo. Nilimkatalia mpwa wangu 2019. Hatukuzungumza miezi minne. Mwaka uliofuata alirudi na hesabu zake ameziandika, biashara ndogo kuliko ile ya kwanza, na nikamwekea milioni 2. Ndiyo hiyo inayochechemea. Bado tunakula pamoja Idi.

Mwenzangu wa ndoa ajue?

Ajue kabla, na aone mkataba. Hisa ni mali. Ukifariki zinaingia kwenye mirathi, na msimamizi wa mirathi ndiye atakayekwenda kwenye kampuni na BRELA kuomba zihamishwe kwa warithi. Hawezi kuomba kitu asichojua kipo. Vyeti vyangu viko kwenye bahasha ya kaki ndani ya kabati la chumbani, pamoja na namba za simu za wakurugenzi na karatasi niliyoandika kwa mkono wangu: hizi zimekufa, hii msiidai, hii gawio lake huingia Machi. Mke wangu na binti yetu mkubwa wanajua ufunguo ulipo.